Nati za Safari ya Kwanza



Pale Gede, njia ya Watamu inapoachana na barabara kuu ya Malindi, yuko fundi wa baiskeli ambaye karakana yake ni kivuli cha mti. Kazi zake nyingi unazijua hata kama hujawahi kumwona: pancha, cheni iliyokatika, keria iliyopinda kwa uzito wa madumu ya maji au gunia la makaa. Baiskeli za huku kwetu hazina mapumziko. Zinabeba nazi kutoka shambani na samaki kutoka ufuoni, na asubuhi zinawapeleka watoto shule. Lakini siku niliyopita hapo, fundi alikuwa na kazi ya namna nyingine. Kijana mmoja alikuwa amekusanya vipande vya baiskeli ya milimani, hizi ambazo vijana wetu huziita mauntini. Alivinunua kidogo kidogo, fremu kwa wakati wake na magurudumu kwa wakati wake, kadiri vibarua vilivyomruhusu. Sasa vyote vilikuwa vimetandazwa juu ya gunia, naye amechutama pembeni akingoja viwe baiskeli.

Nikaketi nikatazama. Kumtazama mtu anayeijua kazi yake hutuliza moyo.

Fundi alianzia shingoni, pale usukani unapogeukia. Akapaka grisi, akapanga gololi moja moja, akafunga, akageuza kushoto na kulia, kisha akalegeza kidogo. Pakikazwa mno usukani unakuwa mzito. Pakilegea mno mbele panagonga kila unapopita kwenye jiwe. Zikafuata pedeli. Hapo kijana alitaka kusaidia. Akachukua spana na pedeli ya kushoto, akaanza kuikaza kama tukazavyo nati yoyote, kuelekea kulia. Fundi akamshika mkono.

"Hiyo ya kushoto inakazwa kinyume, mwanangu. Ukiilazimisha utakata meno yake."

Ndivyo baiskeli zilivyo. Pedeli ya kulia hukazwa kwa kuzungushwa kulia na ya kushoto kwa kuzungushwa kushoto, kwa sababu zingekazwa upande mmoja, mwendo wa miguu yenyewe ungekuwa unaifungua mojawapo. Nililiwaza jambo hilo kwa muda. Ni nyumba ngapi zimeumia kwa sababu mtu alipendwa kwa nguvu nyingi, lakini kwa mzunguko usio wake? Mtoto mmoja akikemewa hutengemaa. Mdogo wake akikemewa vilevile hunyamaza mwaka mzima. Mzazi husema, "Mimi nimewalea sawasawa." Ni kweli, amewalea sawasawa, na pengine hapo ndipo penye shida.

Lakini nataka tukae zaidi kwenye gurudumu.

Gurudumu la baiskeli ya milimani kwa kawaida lina spoki 32. Ukiishika moja peke yake ni waya mwembamba tu, unaweza kuikunja kwa mikono. Huwezi kusimamisha mzigo juu yake. Gurudumu zima linambeba mtu na mzigo wa shamba juu ya mawe ya njiani, kwa sababu kila spoki imevutwa. Nusu zinaivuta ringi upande wa kulia, nusu zinaivuta upande wa kushoto, na ringi inakaa katikati kwa sababu ya mvuto huo wa pande mbili. Ukiondoa mvuto, unabaki na rundo la waya. Nasema hivi kwa ajili ya wale wanaodhani nyumba yenye upendo ni nyumba isiyo na mvutano. Baba anavuta huku kwa kuwa anaogopa ada ya shule, mama anavuta kule kwa kuwa anamwona mtoto anavyochoka. Wote wawili wanaishikilia ringi moja.

Fundi alipolizungusha gurudumu la nyuma, liliyumba. Kila lilipozunguka, sehemu moja ilikwenda kushoto ikakaribia kugusa fremu. Asiyejua angedhani dawa ni nyundo. Fundi hakugusa nyundo. Alipatafuta mahali penye kombo kwa ncha ya kidole, akazilegeza kidogo spoki za upande ule ringi ilikoelemea, akazikaza kidogo za upande wa pili. Robo mzunguko. Akazungusha, akatazama. Robo nyingine. Hakuna spoki moja inayoweza kuirudisha ringi peke yake. Ukiikaza moja mpaka mwisho inakatika, au inazaa kombo jipya mahali pengine. Kazi ile ilimchukua muda mrefu kuliko vipande vingine vyote, wala sikumsikia akiilaumu ringi.

Mpendwa, je, yuko mtu aliyekwenda kombo moyoni mwako? Ndugu, mke, mume, jirani mliyegombana juu ya mpaka wa shamba, rafiki aliyekopa na kunyamaza? Tunapotaka mtu kama huyo arudi, kwa kawaida tunajua kukaza tu. Tunataka aombe radhi, alipe, aahidi mbele ya wazee. Hayo yana mahali pake, na sitaki kuyadharau. Ila kombo halinyooki kwa kukaza upande mmoja tu. Upande wetu pia kuna cha kulegeza. Huenda ni yale mazoea ya kulitaja kosa la zamani kila tunapobishana juu ya jambo jipya. Huenda ni sauti tunayoitumia tukimjibu, ambayo hatuitumii kwa mwingine yeyote. Robo mzunguko inatosha kwa leo. Kesho tazama tena.

Jua lilipopunguza ukali, baiskeli ikasimama kwa magurudumu yake. Kijana akaipanda, akaondoka kwa njia ya vumbi inayoelekea msituni. Huo ni msitu wa Arabuko-Sokoke, mkubwa kuliko misitu yote ya pwani iliyobaki Afrika Mashariki, zaidi ya kilomita za mraba 400. Kandokando yake kuna kila kitu cha kuijaribu baiskeli: mchanga unaomeza tairi, mizizi, ncha za mawe ya matumbawe zilizojificha chini ya majani. Fundi alimpunguzia upepo kidogo kwenye tairi kabla hajaondoka, maana tairi gumu mno huzama mchangani, na lililolegea kidogo hutanuka likapita. Tukabaki tukiongea habari za mvua.

Aliporudi, uso ulikuwa umebadilika. Gia zilikuwa zinaruka. Mbele palikuwa panagonga. Gurudumu lile lililonyooshwa kwa subira yote ile lilikuwa limeanza tena kuyumba, kidogo, lakini lilionekana. Akashuka, akaisukuma mpaka kivulini.

"Fundi, imelegea yote. Nimeiharibu?"

"Hujaiharibu," akasema mzee. "Sasa ndiyo imeanza kukaa. Ilete niikaze."

Kisha akamweleza kwa utaratibu. Waya mpya ya gia, ikivutwa mara chache, hujiseti ndani ya mpira wake na kuonekana imerefuka. Spoki mpya hujipanga kwenye matundu yake mzigo wa kwanza unapopita juu yake. Wengine huzisikia zikilia ti-ti-ti katika mwendo wa mwanzo. Nati hupata makao. Hata breki mpya za diski hazishiki vizuri siku ya kwanza; zinahitaji kupunguzwa mwendo mara nyingi, polepole, mpaka pedi na diski zizoeane. Fundi mzuri huyajua hayo tangu mwanzo. Ndiyo maana hakukunja gunia lake kijana alipoondoka. Alijua atarudi.

Hapo, mpendwa, ndipo nilipopata neno la wiki hii, na nalileta kwako hasa wewe uliyepatana na mtu hivi karibuni. Mlikaa, mkasemezana, labda wazee walikuwepo au mchungaji alikuwepo. Mkashikana mikono. Ulirudi nyumbani mwepesi kama aliyetua mzigo. Kisha ukapita muda mfupi, mkakutana kwenye shughuli, akasema neno moja, na ukahisi kitu kikigonga ndani. Usiku ukajiuliza: kumbe sikusamehe? Ule upatanisho ulikuwa wa mdomo tu?

Nimewasikia watu wengi wakijiuliza hivyo, wengine kwa machozi. Nataka kukwambia kwa upole: kulegea kwa safari ya kwanza si ushahidi kwamba kazi ilikuwa ya uongo. Ni tabia ya kila kitu kipya kinapobeba mzigo kwa mara ya kwanza. Ulisamehe kweli. Sasa msamaha wako umekutana na njia yenyewe, na unahitaji kurudishwa kivulini ukazwe.

Tazama Yusufu katika kitabu cha Mwanzo. Tunapenda kusimulia sura ya 45, pale anapojitambulisha kwa ndugu zake waliomuuza, anawabusu, wanalia pamoja. Mahubiri mengi huishia hapo. Lakini endelea kusoma. Yakobo alihamia Misri akaishi huko miaka 17. Miaka yote hiyo ndugu walikula mkate wa Yusufu na kulisha mifugo yao Gosheni. Kisha mzee akafariki, akazikwa, na katika sura ya 50 hofu ya zamani ikarudi kama ya jana. Wakasema wao kwa wao kwamba huenda Yusufu alikuwa akingoja baba afe ndipo alipize. Hawakuthubutu hata kwenda wenyewe. Walianza kwa kutuma ujumbe.

Yusufu alipousikia ujumbe ule alilia. Nadhani machozi yale yalikuwa na uchungu wake: miaka 17 ya wema, na bado wanamwogopa. Angeweza kusema, "Jambo hili tulilimaliza zamani, mnataka nini tena?" Sisi wengi tungesema hivyo. Yeye aliwaambia wasiogope, akawaahidi kuwatunza wao na watoto wao, akazungumza nao kwa upole mpaka mioyo yao ikatulia. Alikaza tena kilicholegea, bila kuhesabu ni mara ya ngapi. Na Bwana wetu, Petro alipomuuliza kama kusamehe mara saba kunatosha, alimpa hesabu kubwa ambayo mtu hawezi kuishika kichwani. Nimekuwa nikilichukua jibu lile kuwa la makosa mengi tofauti. Siku hizi naamini linatosha pia kwa kosa moja tu, lile ambalo moyo unalikumbuka tena na tena na inabidi kulisamehe upya kila linaporudi.

Hata historia ya baiskeli hizi za milimani inasema jambo la namna hiyo. Hazikuzaliwa kiwandani. Miaka ya 1970, vijana wa Marin huko California walichukua baiskeli kuukuu za matairi manene, wakaziunga kwa vipande vya huku na huku, wakawa wanashuka nazo milimani. Mwaka 1976 walianza mashindano ya kushuka njia moja kali waliyoipa jina la Repack. Jina lilitokana na breki. Baiskeli zile zilikuwa na breki ya ndani ya gurudumu la nyuma, na kwa mteremko ule mmoja tu, joto liliiunguza grisi yote ikatoka moshi. Walipofika chini ilibidi wafungue katikati ya gurudumu, wasafishe, na kujaza grisi mpya ndipo waweze kushuka tena. Kila mteremko, kufungua na kujaza. Mwaka uliofuata mmoja wao, Joe Breeze, akatengeneza fremu ya kwanza iliyokusudiwa hasa kwa kazi hiyo, na baadaye dunia nzima ikazijua. Kabla ya hapo kulikuwa na vijana wenye mikono ya grisi, waliorudia kazi ileile kila wikendi kwa sababu waliipenda.

Uaminifu wa kila siku una sura hiyo. Hauna picha nzuri ya kupiga. Ni salamu ya asubuhi kwa mtu mliyelala bila kuelewana. Ni kumwombea kwa jina yule ambaye jina lake bado linakukaza taya. Ni kurudisha simu.

Hapa Pwani tuna sababu ya ziada ya kutochelewa, nayo ni hewa yetu. Baiskeli ikilala nje karibu na bahari, tuseme kule Gongoni kwenye mashamba ya chumvi, cheni inashika kutu upesi na vichwa vya spoki vinagandana na ringi hata spana isiweze kuvigeuza. Mafundi wetu watakwambia kwamba baiskeli inayotumika kila siku na kupakwa mafuta huishi kuliko ile iliyohifadhiwa ukutani. Naona vivyo hivyo katika familia. Waliogombana wakaendelea kusalimiana hupona kuliko walionyamaziana kwa heshima. Kimya kirefu kina chumvi yake.

Nikiwaza uaminifu wa aina hii katika kaunti yetu ya Kilifi, humkumbuka mmisionari Johannes Rebmann. Alifika Rabai mwaka 1846 kuungana na mmisionari mwenzake, Krapf. Mei 1848 aliona theluji juu ya Kilimanjaro, akaandika alichokiona, na wasomi wa Ulaya wakakikejeli kwa miaka. Waliomwamini Kristo kupitia yeye walikuwa wachache sana. Alizika mke wake huku. Alibaki, akikusanya maneno ya lugha za watu wa huku, akifundisha wale waliokuja, mpaka mwaka 1875 alipoondoka kurudi kwao, karibu miaka 29 tangu afike, macho yakiwa yamekwisha. Sioni katika maisha yale siku moja kubwa ya ushindi. Naona asubuhi nyingi za kuanza tena, na nampenda kwa ajili hiyo.

Sasa niseme jambo ambalo nisingependa lieleweke vibaya. Yako mambo yasiyokazwa. Fremu iliyopasuka haikazwi. Hata nati zote zikifungwa vizuri, itamvunjikia mtu mteremkoni, na fundi mwaminifu atakataa kuirudisha barabarani. Ikiwa unapigwa nyumbani, ikiwa mtoto wako anaumizwa, usilichukue neno langu la leo kuwa amri ya kurudi. Ondoka mahali pa hatari kwanza. Mwambie mtu unayemwamini, nenda kwa chifu au kituo cha polisi. Mungu hapungukiwi na kitu wewe ukiwa salama, na kazi ya msamaha moyoni inaweza kufanyika kutoka mbali, kwa muda itakaouhitaji.

Wala kukaza kupita kiasi hakumsaidii mtu. Nati ikilazimishwa inakatika. Usimharakishe aliyejeruhiwa kwa sababu wewe umechoka kusubiri.

Kuna jeraha moja la kwetu linalonisumbua sana. Kule Ganze, mahali paitwapo Kaya Godoma, wazee waliotuhumiwa uchawi wamekuwa wakipata hifadhi. Wengine walikimbizwa na watu wa damu yao, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo umekuwako ugomvi wa shamba. Katika Kilifi hii yetu wako waliouawa kwa maneno hayo. Nikifikiria mzee wa namna hiyo, siwezi kumwambia mwanawe kwamba siku moja ya kushikana mikono itatosha. Itabidi aende, akae naye, aondoke, aende tena. Apeleke unga. Asikilize yale ambayo mzee anayarudia. Asiudhike mzee akimwogopa mara ya nne kama mara ya kwanza. Yusufu aliogopwa baada ya miaka 17. Na kama jina la mzee wako limewahi kutajwa kwa minong'ono nyumbani kwenu nawe ukanyamaza, nakusihi kwa upendo: usinyamaze tena.

Je, wewe umesimama wapi katika haya? Pengine ndiwe uliyesamehe na unaona imelegea. Pengine ndiwe uliyesamehewa, na kila mara mwenzako anaponuna kidogo unaogopa kwamba yote yamerudi. Ukiwa wa kwanza, usijihukumu. Ukiwa wa pili, usikimbie. Mpe nafasi ya kukukaribisha upya, kama ndugu wale walivyopewa. Nyote wawili mnaye Mungu ambaye hajawahi kuwakunjia gunia. Amejua tangu mwanzo kwamba mtarudi kwake mkiwa mmelegea, na hakuwaita kwa matumaini kwamba hamtarudi.

Kwa hiyo naomba jambo moja wiki hii. Mfikirie mtu mmoja mliyepatana naye, mwaka huu au zamani. Usingoje mgombane tena ndipo mzungumze. Mtafute wakati mambo ni shwari, umuulize kwa maneno ya kawaida: "Tangu tulipozungumza, kuna jambo bado linakuuma?" Akisema lipo, msikilize mpaka amalize, usijitetee. Akisema hakuna, mshukuru, na umuulize habari za watoto. Fanya hivyo kabla ya Jumapili.